Kusoma Historia Chuo Kikuu na Kuitafuta Nje ya Darasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na vijana waliomaliza kidato cha sita, na wazazi wao, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao wameshaanza masomo na bado wanajiuliza kama walichagua vizuri. Mifano mingi ni ya Tanzania, ila msomaji wa Mombasa, Bujumbura au Goma ataona mengi yanamhusu na yeye.

Historia nimeisoma miaka yote ya shule. Chuoni kuna jipya gani?

Sekondari ulipewa majibu. Uliambiwa utaje sababu sita za Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, ukazitaja, ukapata alama zako. Chuoni unaulizwa: tumejuaje? Nani alisema hivyo, alisema lini, na alikuwa anataka nini alipokuwa anasema? Ripoti ya gavana anayejitetea mbele ya wakubwa wake wa Berlin haina uzito sawa na maneno ya mtu aliyelimishwa pamba kwa kiboko, na wala mmoja hamfuti mwenzake. Kazi yako ni kuwasikiliza wote wawili, kisha useme unachoamini na kwa nini.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina nafasi ya pekee katika jambo hili. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, chama kilichopigania uhuru, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka huohuo Idara ya Historia ikaanzishwa chini ya Terence Ranger. Vitabu vingi vya wakati ule viliianza historia ya Afrika pale Mzungu aliposhuka melini. Ranger, John Iliffe, Isaria Kimambo, Arnold Temu na wenzao wakaanza upya, wakimweka Mwafrika mwenyewe kuwa mtendaji. Kimambo, kwa mfano, aliiandika historia ya kisiasa ya Wapare kutokana na masimulizi ya Wapare wenyewe. Kisha akaja Walter Rodney kutoka Guyana, akauliza swali ambalo baadhi ya wenzake walikuwa wanalipita juujuu: mali ilikwenda wapi, na nani alinufaika? Mabishano yao bado yako hai. Utawasoma wote, na mhadhiri mzuri atakutaka uwapinge kwa hoja.

Ninahitaji sifa gani kujiunga?

Kwa ujumla, ufaulu kamili wa masomo mawili ya tahasusi yako ya kidato cha sita. HGK, HGL na HKL, yaani historia pamoja na mawili kati ya jiografia, Kiswahili na Kiingereza, ndizo zinazoleta wanafunzi wengi. Masharti ya kila programu hutangazwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka unaoomba wewe, si wa kaka yako. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu. Amua mapema kama unataka shahada ya sanaa ya historia pekee au ile yenye ualimu ndani yake, maana kubadilisha katikati ya safari ni usumbufu mkubwa.

Nitapata kazi gani? Wazazi wangu wanauliza kila siku.

Wazazi wana haki ya kuuliza, na ni vizuri wajibiwe ukweli. Tangazo la kazi lenye neno "mwanahistoria" utaliona mara chache sana. Wengi wanaosoma historia huwa walimu. Wengine huenda makumbusho, idara za nyaraka, utalii, uandishi wa habari, utumishi wa umma, mambo ya nje, na mashirika yanayohitaji mtu anayeweza kusoma majalada mia moja na kutoa ripoti ya kurasa kumi inayoeleweka. Ujuzi huo ni adimu kuliko watu wanavyodhani.

Mfano mmoja kutoka Kenya unaonyesha kazi hii inaweza kufika wapi. Wazee waliokuwa wameteswa katika kambi za kizuizini wakati wa Mau Mau walipeleka kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza. Wanahistoria waliitwa kama mashahidi wataalamu, na katikati ya kesi hiyo, mwaka 2011, serikali ikakiri kwamba ilikuwa imehifadhi maelfu ya majalada ya makoloni yake huko Hanslope Park, mbali na macho ya watafiti. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathirika 5,228. Ushahidi wa wale wazee ulikuwepo siku zote vinywani mwao. Watafiti waliojua kusoma karatasi za serikali waliusaidia usimame mahakamani.

Kwa nini mnasisitiza sana kutoka nje ya darasa?

Kwa sababu sehemu kubwa ya historia yetu haijaandikwa, na ile iliyoandikwa mara nyingi iliandikwa na aliyeshika bunduki.

Jambo ninalotamani kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alijue ni mradi wa utafiti wa Maji Maji wa mwaka 1968. Idara ya Historia iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza, vijana kama wewe, kwenda kuwahoji wazee katika maeneo yaliyopigana 1905 hadi 1907. Piga hesabu: mtoto aliyekuwa na miaka kumi vita vilipoanza alikuwa na sabini na tatu mwaka ule. Wangechelewa miaka kumi na tano, wangekuta makaburi. Wakaandika walichosikia, wakachapa kwa taipureta, na makaratasi yao yakawa hazina ambayo maprofesa wa dunia nzima wanaitumia mpaka leo.

Walileta nini? Walileta pamba. Ripoti nyingi za Kijerumani zilikazia uchawi na njama za waganga. Wazee wa Umatumbi walieleza mashamba ya pamba ya lazima, kazi ngumu chini ya akida na jumbe (watawala wadogo wa Wajerumani), viboko, na mashamba yao wenyewe ya chakula yakiota magugu. Waliposimulia jinsi watu wa Nandete walivyong'oa miche ya pamba Julai 1905, maji ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye dawa yake iliaminika kugeuza risasi kuwa maji, yalipata maana pana zaidi: yaliwapa watu wa makabila mengi ujasiri wa kufanya kile ambacho kila mmoja peke yake alikuwa anakihofia. Kinjikitile mwenyewe Wajerumani walimnyonga Mohoro mapema Agosti, vita ikiwa bado changa.

Wanahistoria wa baadaye wameukosoa mradi ule, na ukosoaji wao una mashiko. Taifa lilikuwa changa, lilikuwa linatafuta umoja, na maswali ya watafiti yalielekea huko. Sehemu nyingine watu walikuwa na ugomvi wao wa ndani, wengine walipigana upande wa Wajerumani, na wanawake walihojiwa kwa uchache. Hayo yote tunayaona leo kwa sababu wale vijana walirekodi. Mradi usiofanyika hauna wa kuukosoa.

Sina nauli wala kamera. Nianze wapi?

Nyumbani. Naomba usilichukulie jibu hili kama faraja ya asiye na kitu, maana hapo ndipo pana mali nyingi kuliko penginepo. Muulize babu au bibi kama lipo sanduku la karatasi. Utakuta kadi ya TANU, stakabadhi ya kodi ya kichwa, cheti cha ubatizo au cha ndoa, barua ya kutoka manamba, yaani kazi ya mkataba, kwenye shamba la mkonge, picha ya studio ya mwaka wa sitini na kitu ambayo nyuma yake kuna mhuri wa mpiga picha. Stakabadhi moja ya kodi inakwambia babu yako aliishi wapi, chini ya jumbe gani, na alilipa kiasi gani mwaka fulani. Usiichukue. Ipige picha kwa simu, pande zote mbili, kisha uirudishe mahali ilipokuwa.

Baada ya hapo toka nje. Nani alipanda mwembe ule? Msikiti huu au kanisa hili lilijengwa na mafundi kutoka wapi? Kwa nini kitongoji kinaitwa Kambini wakati hakuna kambi?

Kama nina nauli kidogo, nitembelee maeneo gani?

Anayesoma Dar es Salaam aanzie Kunduchi, ambako daladala inamfikisha. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili, mengine yenye minara. Tazama kwa karibu kwenye kuta za makaburi na utaona vishimo vya duara vilivyochongwa ndani ya chokaa. Humo zilipachikwa bakuli na sahani za kauri zilizotoka mbali, China ikiwemo. Nyingi zimebanduliwa, zimebaki alama. Simama hapo dakika chache ufikirie: ni mtu gani anaweka sahani iliyovuka bahari nzima juu ya kaburi la mzazi wake, na alikuwa anawaambia nini majirani?

Bagamoyo na Kaole unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Iringa kuna Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Lugalo ambako Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski Agosti 17, 1891. Songea kuna Makumbusho ya Maji Maji. Ukiweza, nenda Februari, wakati wa kuwakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa Februari 27, 1906, uwasikilize wajukuu zao wanavyoimba.

Lakini kama una safari moja tu ya kufanya katika miaka yako mitatu, iwe Kilwa. Basi linakufikisha Kilwa Masoko, hapo unalipa kiingilio na kupata kibali, kisha unavuka kwa boti hadi Kisiwani. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Ingia chini ya kuba zake mchana wa jua kali usikie ubaridi wake. Tembea hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogelea la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyo, akausifu mji. Sarafu ya sultani huyohuyo ilipatikana Zimbabwe Kuu, bara kabisa, ambako dhahabu ilianzia safari yake kwenda Sofala na hatimaye Kilwa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004, vikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati ambayo wanakijiji walishiriki. Waulize mafundi hao pia. Historia ya kuyatunza magofu ni historia.

Naweza kusoma majalada ya Nyaraka za Taifa? Je, lazima nijue Kijerumani?

Unaweza, kwa barua ya chuo. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam, na kumbukumbu zake za enzi za Wajerumani ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Zanzibar ina nyaraka zake Kilimani, na mkusanyiko wa miswada ya Kiarabu wa huko nao uliingia orodha hiyo mwaka 2003. Nenda na penseli, maana kalamu ya wino haikubaliki karibu na karatasi za zamani. Nenda na subira pia: unaagiza jalada, unasubiri, linakuja jalada la mipaka ya shamba wakati wewe ulitaka la kodi. Lisome hata hivyo, kwa sababu mipaka ya shamba mara nyingi ndipo watu wa kawaida wanapotajwa kwa majina yao.

Kijerumani kinasaidia, na hata anayekijua husumbuliwa na mwandiko wa mkono wa zamani ambao Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Usikate tamaa. Majalada ya Waingereza yako kwa Kiingereza. Tena Wajerumani waliendesha utawala wao kwa Kiswahili kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kuna barua za maakida na majumbe kwa Kiswahili, nyingine kwa hati za Kiarabu. Kama ulisoma madrasa, unazo funguo ambazo mtafiti wa Ulaya analipia kozi kuzipata. Magazeti nayo usiyasahau: Mambo Leo lililoanza 1923 chini ya idara ya elimu ya serikali ya kikoloni, na Kwetu la Erica Fiah lililoanza 1937 na kuzungumza kwa sauti nyingine kabisa.

Nahitaji kibali kuhoji watu kijijini?

Ndiyo, kwa utafiti wa chuo. Anzia idarani upate barua ya utambulisho na kibali. Barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Watafiti kutoka nje ya nchi hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Usimruke mtendaji wa kijiji hata kama ni kijiji cha mama yako, na usimsahau mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni mzee gani anayekumbuka na ni yupi anayependa tu kuhojiwa. Kuzungumza na bibi yako mwenyewe hakuhitaji barua, ila kunahitaji ridhaa yake.

Namhoji vipi mzee?

Siku ya kwanza usimhoji. Nenda usalimie, shikamoo yako iwe ya kuinama, peleka sukari au majani ya chai kama ilivyo desturi ya pale, ujitambulishe kwa ukoo: wewe ni mtoto wa nani, bibi yako alitoka wapi. Akishakuweka mahali pako ndipo atakapojua aongee nawe nini. Waeleze yeye na wanawe unachotafuta na kitakwenda wapi. Kinasa sauti kiwekwe wazi juu ya mkeka, akione, na akisema kizimwe, kizime.

Ukianza, usiulize "mwaka gani?" Wazee wengi hawahesabu hivyo, na mwingine atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Fuata kalenda yake:

"Bibi, mlipohamishiwa huku kijijini, ulikuwa umeshamzaa nani?"

"Baba yako mdogo. Alikuwa anatambaa. Nilimbeba mgongoni, na kuku mkononi."

"Nyumba ya kule mliiacha imesimama?"

"Waliitoboa paa. Ili tusirudi."

Kwa majibu mawili umepata mengi. Kama kuhama kulikuwa kwa Operesheni Vijiji, uko katikati ya miaka ya sabini. Baba mdogo aliyekuwa anatambaa ana cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki, na ukiipata unakaribia mwezi. Na umepata paa lililotobolewa, ambalo huenda hakuna ripoti ya wilaya iliyolitaja. Vita vya Hitler, Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, mwaka wa nzige, njaa iliyopewa jina pale kijijini: hizo ndizo nguzo za kuegemeza tarehe zako.

Usimkatishe. Ukimya wake usiuogope, kaa nao. Akilia, acha kazi, mkae tu. Na uhoji wanawake peke yao inapowezekana, maana mbele ya waume zao wengi husema "muulize baba hapo", kumbe wanajua zaidi kuhusu mazao, vifo na nani alimkopesha nani. Kuhusu malipo: shukrani kwa kitu kidogo ni adabu, kumlipa mtu kwa kila swali huharibu kazi yako na ya wanaokuja baada yako.

Mzee akisema jambo linalopingana na kitabu, nimwamini nani?

Usikimbilie kumwamini yeyote. Uliza kila mmoja alijuaje. Mzee aliona, au alisimuliwa na baba yake, au alilisikia redioni mwaka jana? Hilo la tatu hutokea kuliko unavyofikiri: mtu aliyefundishwa shuleni kuhusu Kinjikitile atakurudishia somo la shule. Kitabu nacho kilitegemea nini? Na hata simulizi isipolingana na tarehe, bado inakueleza jambo la kweli: watu wa pale walichagua kukumbuka nini. Andika matoleo yote, na uwataje waliotofautiana.

Nikikuta vigae, sarafu au mifupa, nifanyeje?

Usichimbe, usichukue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inakataza kuchimba bila leseni. Piga picha kitu kikiwa palepale kilipo, weka kalamu kando yake kuonyesha ukubwa, andika mahali, kisha utoe taarifa kwa Mambo ya Kale au kwa idara ya akiolojia ya chuo. Kigae kilichotolewa ardhini bila kumbukumbu ya tabaka lake kimepoteza nusu ya habari zake, na hakuna maabara itakayozirudisha.

Vipi kuhusu vitu vyetu vilivyoko Ulaya?

Hili ni eneo ambalo kizazi chako kitafanya kazi kubwa. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 kwa nguvu za mamia ya wafanyakazi na wapagazi wa huko, na mjusi yule mkubwa amesimama Berlin hadi leo. Majina ya mafundi waliojifunza kumtoa ardhini bila kumvunja yanahitaji kutafutwa na mtu wa Lindi.

Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa Kalenga Juni 1954 na Gavana Edward Twining, aliyelichagua Bremen kati ya mafuvu mengi kwa vipimo. Wahehe walilipokea na kuliheshimu, na heshima hiyo ni yao. Swali la mwanahistoria ni jinsi gani mafuvu yale mengine yalivyofika pale, na ni ya nani. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Songea kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na familia ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, inaendelea kudai kichwa cha mzee wao. Kuna kazi ya majalada hapo, na kuna kazi ya kukaa na familia.

Mihadhara ni kwa Kiingereza. Kiswahili changu kina nafasi?

Kina nafasi kubwa kuliko unavyoambiwa. Tasnifu yako pengine utaiandika kwa Kiingereza, lakini maneno ya mzee yaandike kwanza kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake au kwa lugha ya kwao, ndipo utafsiri. Wengi huandika tafsiri tu na kuyatupa maneno yenyewe. Miaka hamsini ijayo mtu atataka kujua bibi alisema "walitufukuza" au "walituhamisha", na Kiingereza chako hakitamjibu.

Nikimaliza, kazi yangu iende wapi?

Nakala ya tasnifu hubaki chuoni. Rekodi nazo zisiachwe ndani ya simu, kwa kuwa simu huibiwa. Kila rekodi ipe jina la mzungumzaji, kijiji, tarehe, lugha, na alichokuruhusu: jina litumike au lifichwe, sauti isikike na wengine au isisikike. Weka nakala sehemu mbili tofauti.

Kisha andika muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili cha kawaida, urudi nao. Nakala moja kwa familia, moja kwa ofisi ya kijiji, moja kwa shule ya sekondari ya kata, ambako walimu sasa wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili na wanahangaika kupata mifano ya hapohapo. Usomwe kwa sauti mbele ya wale uliowahoji na waliokupa chai. Watarekebisha majina, watabishana kuhusu nani alihamia wa kwanza, na mmoja ataomba sentensi fulani iondolewe. Nenda na penseli yako, kwa sababu siku hiyo utaandika tena.